Mali ya Balozi Didas

Temeke nzima hakuna aliyejua kutunza siri za watu kama Ndugu Didas, balozi wetu wa nyumba kumi. Mwenyewe ndiye aliyetuambia, tena kwa sauti iliyofika Mbagala!

Wizi ulipozidi, alitundika ubao mlangoni pake. "Wananchi wana haki ya kujua kinachoibwa mtaani," alitangaza. "Lakini jina la aliyeibiwa, marufuku! Mie ni kaburi!"

Akaandika: *kuku jike*. Akaandika: *sufuria*. Tukasoma, tukatia komeo milangoni. Kazi nzuri, sikatai.

Balaa lilianza siku alipoandika: *redio ya betri*. Loo! Mtaa ukachangamka. Nani huyo kumbe ana redio? Kila mwanamume aliyepita aliamkiwa kwa heshima, isije ikawa ndiye.

Didas akaingiwa na kijicho. Balozi mzima, halafu sifa ziende kwa mtu asiyejulikana! Yeye naye alikuwa ameibiwa juma hilohilo, ila kitu chenyewe hakikuandikika. Basi akashika chaki: *Magunia mawili ya sukari, katoni ya sabuni, vitenge. MALI YA BALOZI DIDAS.*

"Balozi, si ulisema majina marufuku?" jirani yake Gregori akamuuliza.

"Siri ni za wanyonge, bwana!"

Kwa siku chache alitembea kifua mbele kama jogoo wa harusi. Wazee wenzake walimpisha kwenye foleni ya duka la ushirika.

Halafu ikaja Land Rover ya msako. Ndugu msomaji, ule ndio mwaka sukari ilipatikana kwa kadi, kilo kwa kilo, sabuni ndiyo usiseme, na mwenye gunia ndani aliitwa mlanguzi akaenda kulala rumande!

Mkuu wa msako akausoma ubao taratibu. "Ndugu Didas, magunia haya uliyapata wapi?"

"Ya-yameibwa, afande!"

"Hatumtafuti mwizi. Tunamtafuta mwenye mali."

"Afande, twende ndani. Ni siri kidogo."

"Umeandika hadharani, sema hadharani."

Mtaa mzima ulikuwa umeshajaa pale. Didas akatazama pingu, akatutazama sisi.

"Niliibiwa bukta."

"Sikusikia."

"Bukta, afande! Moja! Ilikuwa kambani!"

Mkuu akamgeukia mke wa Didas, Genoveva. "Mama, ni kweli?"

"Kweli kabisa, baba. Yenye viraka. Nimevishona mwenyewe. Sukari? Huyu? Sie chai tunakunywa bila hata chembe tangu Ramadhani ya majirani!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mkuu naye alifuta machozi, akaufuta na ubao, akaondoka zake.

Kesho yake asubuhi, bukta ilikutwa imerudishwa kambani. Mwizi kasikia habari, kaona huruma. Genoveva akaishika, akainusa mara mbili, akamwita mumewe.

"Baba, njoo unuse! Mwizi wako ana sabuni!"