Mashine ya Risasi Kwenye Benchi la Sauna

Jumanne, 8 Novemba

Mdomo wangu umenitia kazini tena.

Urho, kaka wa mke wangu, alikuja kunywa kahawa na kujisifu. Kanunua mashine mpya ya kujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Ya buluu. Inajizungusha yenyewe, inakubali maganda ya kila bunduki, na kwa bei yake unapata trekta kuukuu. Nikamwambia mimi naweza kuandaa mashine ya bunduki tatu kwa bei ya viatu vyake vya theluji. Akacheka mpaka mkate wa iliki ukampalia.

Akaweka sharti. Tarehe kumi na tano, msimu wa kuwinda paa ukifunguliwa, bunduki tatu zipigwe kwa risasi zangu, kila moja na saizi yake: thelathini-thelathini yangu, mia tatu na nane yake, na mia mbili arobaini na tatu ya Hilja, mke wangu. Moja ikigoma tu, kitanda changu kule kambi yetu ya uwindaji, kile cha chini karibu na jiko, ni chake. Mimi nipande cha juu, mlangoni kwenye upepo.

Kitanda kile nimekilalia miaka thelathini na moja! Godoro lina shimo la umbo langu. Nikakubali kabla sijameza tonge.

Hilja hakuinua macho kwenye sweta anayofuma. Alisema tu, "Haya, mzee. Wiki unayo."

Jumatano, 9 Novemba

Ushindi. Mjane wa Pelkonen anauza vyombo vya marehemu. Nimepata mashine ya chuma, ya tundu moja, ina kutu, nzito kama ndama. Pamoja nayo kisanduku cha kalibu, vile vyuma vinavyolirudisha ganda lililokwisha kupigwa kwenye umbo lake. Kila bunduki na kalibu zake. Nimelipa kwa kuni kavu, gari zima.

Jioni Hilja akauliza kuni zake ziko wapi. Nikamwambia zimepata kazi ya heshima.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimefungua kisanduku. Kalibu za bunduki yangu zipo. Za Urho zipo. Za tatu ni za bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza. Wilaya nzima hakuna mwenye bunduki hiyo. Hata marehemu Pelkonen hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa aina yangu, akiona bei chee hana maswali.

Nikaenda kwa mwenye duka la chambo. Samaki sita wa kukaushwa kwa moshi, naye akanipa kalibu za bunduki ya Hilja, za mitumba. Samaki walikuwa wa Krismasi. Hilja hajahesabu bado.

Ila kuna neema! Kishikio cha kitako cha ganda, kile kinacholibana mashineni, ni kimoja kwa bunduki ya Urho na ya Hilja. Sinunui cha pili. Nilicheza kidogo jikoni, peke yangu.

Ijumaa, 11 Novemba

Mashine imeikataa meza yetu. Nilivuta mpini mara moja, meza ikanyanyuka na kahawa yote. Inataka mbao nene isiyotikisika. Hapa nyumbani ipo moja tu: benchi la juu la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, alilolijenga baba kwa mbao za inchi tatu. Nimelitoboa matundu manne. Baba anisamehe. Mashine imekaa kama chifu.

Mafuta ya kupaka maganda bei yake ni wizi. Nikatumia siagi. Ganda la nne likanasa ndani ya kalibu. Nilivuta, nilining'inia, nilitamka Kifini ambacho mchungaji hakijui. Saa tatu nzima za kulitoboa na kulichomoa kwa skrubu. Nikaenda kununua mafuta. Kikopo kidogo.

Mizani ya baruti kaishika Hilja mwenyewe, miwani puani, kitabu cha vipimo magotini. Alisema risasi kumi kati ya hizi zitalipukia karibu na shavu lake, na shavu lile si la kubahatisha.

Jumamosi, 12 Novemba

Risasi thelathini tayari saa sita mchana! Baruti na fataki, vile vidude vya kuiwasha, nikazihamisha, nikazifungia kabati la banda la nje, maana mimi si mjinga. Mashine nikaiacha palepale. Boliti zimekaza, mgongo unauma, na chuma hakiogopi joto.

Jioni Urho akaja kuoga sauna, kama kila Jumamosi. Moto umekolea, ndani mvuke mtupu, huoni hata goti lako. Akapanda benchi la juu, akajirudisha kwenye kona yake. Akakaa.

Sauti ile sijawahi kuisikia kwa binadamu. Alipita mlangoni bila kushika kitasa, akaketi kwenye theluji, uchi, akinitaja mimi na ukoo wangu.

"Shemeji, umenipiga chapa kama ng'ombe!"

Hilja akaja na taa, akamkagua kaka yake kwa makini. Akasema herufi za kiwandani zinasomeka vizuri, ila kinyumenyume.

Jumanne, 15 Novemba. Kambini

Yangu imelia. Ya Urho imelia, kaipiga amesimama, kwa kuwa kukaa hawezi. Ya Hilja imelia, na paa dume kaanguka kwa risasi ya kwanza. Tatu kwa tatu! Nimeshinda!

Nikaingia kambini kifua mbele. Kwenye kitanda changu kalala Urho, kifudifudi.

Arvo, mkubwa wa kambi, akanikumbusha sheria ya tangu enzi za baba zetu: mgonjwa hulala karibu na jiko. Nikasema mimi ndiye mshindi. Akanipa mkono.

"Umeshinda kweli, mzee wangu. Hongera sana. Ngazi ile pale."

Jumatano, 16 Novemba

Naandika kutoka juu. Wino unaganda.

Nimelichambua jambo zima. Kosa si langu. Ni la benchi. Hilja kasema nikirudi nikaifungue mashine ile, nizibe matundu yote manne, nisiirudishe tena mahali ambapo watu wanakaa uchi. Sawa. Mwanamke ana haki.

Basi nimekumbuka zile meza za chumba cha chini cha kanisa, tunazonywea kahawa baada ya ibada. Mwaloni mtupu! Boliti nne tu. Na pale kila mtu huja amevaa.