Mkono wa Kulia wa Koti la Sufu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Miaka thelathini na mmoja na siku nne tangu nitoke kwetu. Nilikuja na koti la sufu la kijivu na daftari la masomo ya biolojia. Koti liko kwenye msumari nyuma ya mlango, linangoja siku ya kurudi. Halivaliwi. Binti yangu, fundi cherehani, huniambia kila baridi ikianza: baba, livae au litoe.

Habari mbaya kazini. Bimkubwa, mwenye duka la kufulia, ametangaza kuwa meza ya madoa haihitaji watu wawili. Wiki ijayo abaki mmoja. Mwingine akakunje mashuka chumba cha nyuma, kisicho na dirisha.

Wawili wenyewe ni mimi na Kidole. Tunamwita hivyo kwa sababu huondoa doa kwa maji baridi, chumvi na kidole gumba. Sayansi hana. Mimi nilifundisha miaka kumi na tisa, na wateja wanaofika mezani huniita Mwalimu. Hakuna mahali pengine ninapoitwa hivyo tena. Mashuka hayamwiti mtu chochote.

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 4

Nimenunua kopo la unga wa vimeng'enya. Nikamweleza Bimkubwa kuwa kimeng'enya ni kama fundi mdogo mno, na seli zote zilizo hai zinao wa kwao. Ana mfuko wenye umbo maalumu. Kisicholingana na umbo hilo hakiingii. Kinacholingana hukishika, hukikata, hukiachia, anashika kingine, maelfu kwa dakika moja, na yeye mwenyewe hachakai. Bimkubwa akasema angempata fundi wa namna hiyo, sisi wawili angetufukuza leo hii.

Jaribio la kwanza: aproni ya mpishi, imelowa yai. Nikatia unga. Nikamwagia maji yanayochemka, ili mambo yaende upesi.

Aibu! Yai liliiva papo hapo, likashika kitambaa kama gundi. Kidole akaja, akanusa, akauliza kama Mwalimu atapenda na chumvi.

Joto! Mfuko wa kimeng'enya umekunjwa kwa nyuzi dhaifu. Ukiuchemsha unafumuka, na ukipoa haujikunji tena. Somo hili nimelifundisha mara kumi na tisa.

Jumatano, tarehe 5

Maji ya vuguvugu. Aproni nyingine. Nusu saa. Doa limekwisha kabisa! Bimkubwa aliigeuza huku na huku, akasema hata yeye anaona. Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Mchana akaleta koti la kiongozi wa kwaya. Sufu, kijivu, zuri. Bwana huyo aliegemea bakuli la mayai mabichi kwa mikono yote miwili. Sijui alikuwa anatafuta nini humo. Bimkubwa akaamua: mkono wa kushoto wa Kidole, wa kulia wangu. Atakayeshinda abaki mezani. Mwenye koti atalifuata Jumatatu.

Wakati naandaa beseni Kidole akauliza: huyo fundi wako akishaanza kukata, nani humwambia basi, inatosha?

Swali zuri kuliko muulizaji. Nikajibu kwa kirefu. Kwamba seli haiachi mambo yajiendee. Mafundi hupangwa mstari, kila mmoja akimpa mwenzake kazi, na zao la mwisho likijaa hurudi nyuma, likamkalia fundi wa kwanza, mstari wote ukatulia. Zao likipungua, linamwachia, kazi inaanza upya. Kwamba mafundi wakali, wale wa kusaga chakula, hutengenezwa kisu kikiwa ndani ya ala, na ala haivuliwi mpaka wafike utumboni, wasije wakamla aliyewatengeneza. Niliongea vizuri sana. Hata mashine ziliponyamaza sikugundua.

Kidole akasema: sawa, Mwalimu, na humu ndani ya beseni nani atamwambia basi?

Nikasema nina kazi.

Alhamisi, tarehe 6

Kidole alimaliza mkono wake kwa dakika arobaini. Safi. Hakuna haki duniani.

Wangu umebaki na kivuli cha njano, upana wa ukucha. Mtu mwingine angesuuza akashukuru. Nikaongeza vijiko vinne, nikalisogeza beseni, mkono ukiwa bado ndani, karibu na boila, vuguvugu lisipotee.

Ijumaa, tarehe 7

Goti limegoma. Nimeshinda nyumbani. Nilimsimulia binti yangu habari za maabara yetu ya kule, madirisha yake saba, mkaratusi wa nje. Nilipofika dirisha la nne akafungua redio. Nikanyamaza. Dakika kumi baadaye akaizima. Nikaanza tena. Akafungua. Nyumba yetu ina udhibiti wa kiwango cha seli.

Beseni sikulikumbuka.

Jumamosi, tarehe 8

Doa limetoka.

Mkono nao umetoka. Nilipoinua koti, kilichoning'inia kulia kilikuwa kama chujio la chai, na kiwiko kilibaki majini.

Sufu ni manyoya ya kondoo. Manyoya ni protini. Yai ni protini. Mfuko ule ule! Ukurasa wa kumi na mbili wa daftari langu, kwa mwandiko wangu, umepigiwa mstari mara mbili.

Bimkubwa hakupiga kelele; afadhali angepiga. Alisema nikiharibu jina la duka, hata mashuka sitayaona. Kidole alichukua kile kiwiko, akakikamua, akakianika. Sijui kwa nini.

Nililipeleka koti nyumbani. Binti yangu alilitazama kwenye mwanga. Kisha akatazama nyuma ya mlango. Kijivu kile kile, baba, akasema. Nikasema hapana. Akasema ataweka chai.

Jumapili, tarehe 9

Nilishika koti langu mwenyewe wakati binti yangu anafumua mshono wa mkono wa kulia. Mfukoni mlikuwa na kipande cha chaki. Kilivunjikia vidoleni. Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Mshono hauonekani.

Jumatatu, tarehe 10

Kiongozi wa kwaya alivaa, akanyoosha mikono kama mbele ya waimbaji, akasema wa kulia unakaa vizuri kuliko zamani. Akaenda zake.

Nimekunja mashuka mia moja na kumi. Kweli hakuna dirisha. Kabla ya chai Kidole aliita kutoka mezani, mbele ya wateja: Mwalimu, damu ni maji gani? Nikaita: baridi! Akauliza tena saa sita. Na saa nane. Kidole amefua damu maisha yake yote.

Nimegundua jambo. Mashuka haya ni pamba. Pamba si protini! Yakikaa kwenye unga wangu usiku kucha yatatoka laini kama maziwa, na Bimkubwa mwenyewe atanirudisha mezani. Kopo linasema kitu kuhusu nyuzi za pamba, lakini maandishi ni madogo na miwani iko nyumbani. Nimeloweka arobaini kwa kuanzia.

Koti langu limerudi kwenye msumari, lina mkono mmoja. Binti yangu ameuliza kama aushone mwingine, kitambaa cha karibu na kile anacho. Nimemwambia asihangaike. Sitarudi.