Chafya na Kitone Kimoja

Sogeeni, enyi wenye masikio, chai na ipoe, niwasimulie vita vilivyopiganwa juu ya meza ya maabara kwa silaha moja: kijiti cha kuchokolea meno!

Shujaa wake alikuwa binti mwenye subira ya kobe, ila wenziwe walimbandika jina la Chafya, kwa kuwa pua yake haikujua adabu. Alitaka kujua kazi ya jeni moja ya bakteria, na njia yake ni ile ya nyumbani: ukitaka kujua kazi ya mama, akose siku moja, uone kinachokwama. Akaing'oa jeni ile, na mahali pake akapachika nyingine, ngao dhidi ya dawa kali. Kisha akawamwaga bakteria kwenye sahani yenye dawa hiyo. Wale ambao mbinu ilishindikana, wasio na ngao, wakateketea, majeshi kwa majeshi. Wenye ngao wakazaana, wakawa kitone kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Binti," akanena Profesa, bwana wa ngome ile, "umeshazipigia chafya sahani ngapi? Hii ikiharibika, kazi nampa mwenzako."

"Mwalimu, pua hii nimezaliwa nayo. Leo itanitii, ama tutaachana!"

Akaketi. Mkono wa kushoto ukainua kifuniko, wa kulia ukashusha kijiti. Ndipo adui alipoamka puani! Macho yakamjaa machozi, nayo kazi ile aliipenda kuliko usingizi. Na mikono yote miwili ilikuwa vitani.

"Mwalimu! Heshima tuiweke kando! Nishike pua!"

Profesa akasogea. Kisha, kwa mkono wenye glavu, akaibana pua ile. Kijiti kikagusa kitone, kikazama katika kichupa cha mchuzi wa kuwalishia bakteria, kifuniko kikafungwa. Hapo pua ikaachiwa, nayo ikapiga mzinga uliompeperushia Profesa miwani.

Kesho yake Chafya akachungulia hadubini. Bakteria wa kawaida walikuwa wakiogelea huku na huko kama watoto waliotoka shule. Wale wa kitone walitulia tuli.

"Hawasogei!" akalia kwa furaha. "Ni jeni ya kuogelea! Hawasogei hata kidogo!"

Basi iandikwe kwamba kuna shujaa aliyeshangiliwa kwa sababu hakuna kilichosogea. Na Profesa, kila anapousimulia ushindi ule, husema "tulifanya." Wanafunzi hucheka chini kwa chini, lakini Chafya hamkatalii, maana pua aliishika yeye.