Kibali cha Kifo cha Bibi Mal-sun

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa azimio la Kamati ya Kudumu ya Kuzuia Upungufu wa Wakazi, napenda kuutangazia umma kwamba katika msimu mzima wa vuli hakuna mhusika yeyote wa tamthilia aliyefariki dunia ndani ya Wilaya ya Yeonsil bila kibali. Aliyefariki ni mmoja tu, na kibali chake nilikigonga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni Ok Byeong-gu, Kaimu Mkuu wa Idara ya Utamaduni, Utalii na Hisia za Umma. Hilo neno Kaimu lisikushtue. Limekaa nami muda mrefu kiasi kwamba mke wangu akikasirika huniita hivyo hivyo, Kaimu, kama vile ndilo jina nililopewa na wazazi.

Wilaya yetu ina bahari, ngisi na wazee. Ngisi tunao wa kutosha, ila wazee wanatuponyoka. Vijana walishahamia Seoul. Shule ya msingi tuliigeuza mkahawa, na mkahawa nao ukafungwa, kwa sababu wateja wake walikuwa wazazi wale wale waliohama. Wakubwa wa Seoul wakatuandikia kwamba tukizidi kupungua tutaunganishwa na wilaya jirani ya Sinbaek. Maana yake Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Maeng Chang-gil, angebaki bila kiti, na uchaguzi ni Juni.

Ndipo walipokuja watu wa televisheni wakitafuta ghuba yenye miamba ya kutisha, wapige picha za tamthilia yao, *Nyuma ya Mwamba*. Ilihusu kikundi cha wapanda milima waliopelekwa kwenye kisiwa kisicho na watu. Mwenye mashua, ambaye watazamaji walimwona kwa kisogo tu, akiwa na jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, aliahidi kuwarudia jioni. Hakurudi. Wakaanza kuvua ngisi na kuwaanika kwenye kamba, na kila asubuhi wakikuta ngisi wa kwenye kamba wamepungua. Nchi nzima ilikuwa na swali moja: nani anakula ngisi? Kinyozi wangu aliniuliza hivyo wembe ukiwa shingoni.

Mheshimiwa aliwapa ghuba, mahema na jenereta kwa masharti mawili. La kwanza, ngisi wakavu wa Yeonsil waonekane katika kila kipindi. La pili ndilo lililonifanya nimwogope kwa akili yake: wahusika wote waandikishwe kuwa wakazi wa heshima wa wilaya.

"Waigizaji wanakula Seoul na kulala Seoul," alituambia kikaoni. "Lakini hawa wahusika, wametoka kisiwani lini? Nitajieni mkazi mwaminifu kuliko huyo!"

Tulipiga makofi. Idadi ya wakazi ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na nywele.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kipindi cha kumi na mbili. Kwa desturi ya tamthilia zetu, kurasa za mchezo hufika asubuhi ile ile ya kupiga picha, zikiwa bado na joto la mashine, na kila mtu hupewa zinazomhusu tu ili siri isivuje. Asubuhi hiyo nilipenyezewa habari kwamba Bibi Mal-sun, mkubwa kwa umri kuliko wote kisiwani, anakufa. Nikampigia Mheshimiwa simu. Alifika ghubani akiwa bado na mswaki mfukoni.

Mwongozaji, Bi. Tak Hye-rin, alikuwa amekaa juu ya kreti akinywa kahawa baridi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nani kasema afe?" Mheshimiwa akauliza.

"Hadithi, Mheshimiwa."

"Hiyo hadithi ina cheo gani?"

"Haina cheo. Ila kipindi hiki ndicho kinachobeba tamthilia yote. Asipokufa, yote yaliyotangulia ni watu tu wamekaa ufukweni."

"Mkazi wangu hafi kabla ya uchaguzi. Kama ni lazima, mpelekeni akafie Sinbaek."

"Ni kisiwa, Mheshimiwa. Hakuna mashua. Ndiyo tamthilia yenyewe."

"Si aogelee?"

"Ana miaka themanini na hajala wiki nzima."

"Basi ale! Ngisi si wapo?"

"Wanaibiwa."

"Na nani?"

Bi. Tak alimtazama kwa upole. "Kipindi hiki hiki kitasema."

Katika taarifa niliandika kwamba mazungumzo yalikuwa ya kujenga.

Hapo ndipo Mwalimu Pyo Geum-ok alipotoka hemani. Yeye ndiye aliyekuwa akiigiza Bibi Mal-sun, na waigizaji wote, hata wale mabishoo wa Seoul, humwita Mwalimu kwa heshima. Alikuwa amevaa matambara ya mchezo, na usoni wamempaka majivu. Aliinama mbele ya Mheshimiwa, chini kuliko alivyostahili yule mtu kuinamiwa. Hilo la kustahili sikuliandika.

"Mheshimiwa, mimi nimeigiza tangu wewe uko shule," alisema. "Nimekuwa mama wa bwana harusi, shangazi wa tajiri, yaya wa mtoto wa tajiri. Kazi yangu ni kuleta sinia la matunda, kuuliza 'Umekula?' na kutoka. Naulizwa na watoto wa mtaani, 'Bibi, si wewe yule wa matunda?' Hakuna kamera iliyowahi kunisubiri nikimaliza kusema."

"Sasa si ushukuru? Nakuongezea maisha."

"Ya kubeba sinia ninayo tayari. Naomba hiki kifo. Daktari wangu ameniambia magoti haya hayatapanda mwamba mwingine, kwa hiyo hakuna tamthilia nyingine nyuma ya hii. Niache nife vizuri mara moja, baba. Nikikosa hiki, nimekuwa sinia maisha yangu yote."

Sauti haikutetemeka. Yangu ndiyo iliyotetemeka nilipouliza kama kuna mtu anahitaji mwavuli.

Mheshimiwa alitafakari. Si mtu mwenye roho mbaya. Ni mtu mwenye uchaguzi.

"Sawa," akasema. "Kibali kitatolewa. Lakini wilaya inapoteza mkazi, lazima ipate kitu. Mimi vipindi vyote nimeona ngisi wangu akitafunwa na watu wanaolia. Ndiyo matangazo hayo? Nataka mtu amle kwa raha! Kipindi hiki hiki nchi nzima inapotazama."

"Wahusika wangu wote wanakufa njaa, Mheshimiwa," alisema Bi. Tak. "Na wamefiwa. Atakayekula kwa raha ni nani?"

"Mimi."

Bi. Tak aliiweka kahawa chini. Akatazama bahari muda mrefu, kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado anaangalia kama mwenyewe yupo.

"Wewe mwenyewe, Mheshimiwa? Kwa raha kabisa?"

"Kwa raha ya wilaya nzima. Na uso wangu ujae kwenye kioo. Sitaki kubanana na hao wachafu."

"Utakuwa peke yako. Nakuahidi."

Alipewa ukurasa wake baada ya nusu saa. Ulikuwa na mstari mmoja: *Mwanamume anakula ngisi. Anatabasamu.* Mheshimiwa aliusoma, akaurudia kwa sauti, akasema hajapata kuona maandishi ya kisanaa yenye kueleweka namna hiyo. Watu wa mavazi wakamletea jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Aliuliza kama ni lazima.

"Ni usalama," akajibu Bi. Tak. "Na rangi ya chungwa inakutoa vizuri mno."

"Hata mke wangu husema."

Walimkalisha nyuma ya mwamba, kando ya moto mdogo, na mashua ikiwa imefungwa nyuma yake. Mimi nilimshikia sahani nje ya picha. Alitafuna ngisi mpaka mashavu yakavimba, akafumba macho, akalamba vidole kimoja kimoja, akacheka peke yake. Ninavyojua mimi, hakuna afisa wa serikali aliyewahi kula kwa dhati kiasi kile mbele ya kamera. Bi. Tak hakumwomba arudie. Kisha Mheshimiwa akaondoka kwenda kukata utepe wa choo cha umma.

Hivyo hakuiona picha iliyofuata. Mimi niliiona.

Manusura wameketi kuzunguka sufuria ya mchuzi uliokuwa maji matupu. Wote wana njaa, na hakuna anayegusa. Unajua mambo yetu: mkubwa hajainua kijiko, mdogo hali, hata kama anakufa. Bibi Mal-sun akainua chake. "Haya, kuleni, watoto wangu," akasema. Wakajitupa kwenye sufuria. Yeye akapeleka kijiko mdomoni, kikaingia kimejaa, kikatoka kimejaa. Walipoinamisha vichwa akakirudisha sufuriani, taratibu, asisikike. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu kipindi cha kwanza. Sote tulimwona kila wiki akiinua kijiko, na hakuna aliyewahi kuangalia kama anameza.

Kisha akaegemea mwamba na kuuliza, "Mmekula?" Lile swali lake la matunda, miaka yote. Safari hii kamera ilimsubiri. Ilimsubiri mpaka macho yakaacha kutazama.

Nililia. Katika taarifa nimeandika upepo wa chumvi, lakini nililia, na fundi wa taa alilia, na nilipogonga muhuri kwenye kibali wino ulichuruzika.

Siku ya kipindi kurushwa, Idara yangu iliandaa Hafla ya Wilaya ya Kulia kwa Pamoja katika ukumbi wa michezo. Tulitundika kioo kikubwa cha televisheni. Kila mwananchi alipewa leso yenye nembo ya wilaya. Kila meza ilikuwa na mabakuli ya supu ya nyama, wali, kimchi yetu ya kabichi chachu, na katikati sahani ya ngisi wakavu. Ratiba ilisema kwanza tamthilia, kisha Mkuu wa Wilaya atainua kijiko, ndipo umma ule. Mwalimu Geum-ok nilimpangia kiti karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa kadi ya ukazi ya mhusika wake ilikuwa imeshakoma.

Bibi Mal-sun alipokufa, ukumbi mzima uliangua kilio. Leso ziliisha, watu wakahamia kwenye mikono ya mashati. Mheshimiwa aliniinamia.

"Kaimu, mimi natokea lini?"

"Nadhani sasa hivi, Mheshimiwa."

Kwenye kioo, kijana mmoja wa kisiwani, uso umelowa machozi, anaona moshi nyuma ya mwamba. Anapanda. Anachungulia. Na pale, mkubwa kama nyumba, umejaa kioo kizima, uso wa Mheshimiwa Maeng Chang-gil ndani ya jaketi la rangi ya chungwa, anatafuna. Mafuta yanang'aa kidevuni. Nyuma yake mashua, nzima, imefungwa kamba. Anafumba macho. Analamba vidole. Anacheka.

Watu waliacha kujifuta machozi.

"Kumbe ni yeye!" akapiga kelele Bibi Bang, muuza ngisi wa sokoni aliyekuwa meza moja nasi. "Mashua anayo, na kumbe ngisi anakula yeye!"

Ukumbi ukalipuka. Mheshimiwa alisimama, mikono juu.

"Ndugu wananchi! Ule ni uigizaji!"

"Na kile kicheko?" akauliza mzee mmoja.

"Kicheko kilikuwa cha kweli!" alisema Mheshimiwa, ambaye hakuwa amezoea kudharauliwa kipaji. "Hata sikurudia!"

Baadaye alinieleza kwamba alitaka kusema kitu kingine. Wakati huo hakukipata, kwa hiyo akatumia madaraka aliyobaki nayo: aliketi, akakohoa, akainua kijiko juu kila mtu aone.

Hakuna aliyekula. Supu zilikuwa zinatoa mvuke, watu wametoka kulia na wana njaa, na vijiko vyote vimelala mezani. Mheshimiwa alikishusha, akakiinua tena, labda hawakuona. Waliona.

Kiti kimoja kikakwaruza sakafu, kisha kingine. Meza baada ya meza, watu waligeuka wakaelekea mlango wa jikoni, alikokuwa amekaa yule mama mwenye umbo dogo, mkoba wake mapajani.

"Mwalimu," akasema Bibi Bang, "tumekaa tunakusubiri wewe."

Mwalimu Geum-ok alitazama nyuma, kama aliyedhani anaitwa mtu wa jikoni. Halafu akaelewa. Uso ulimkunjamana, akauficha kwa leso ya wilaya, akaufunua tena. Akainua kijiko. Tuliangalia kikiingia mdomoni kimejaa, tukaangalia kikitoka, na safari hii kilikuwa kitupu.

"Haya," akasema. "Kuleni, watoto wangu."

Vijiko vya ukumbi mzima vikazama kwenye supu kwa pamoja. Itifaki inanitaka nisile kabla ya mkuu wangu. Niliitafakari itifaki, kisha nikala, na supu ilikuwa bado moto.

Mheshimiwa alibaki anatazama huku na huku. Mwisho alinyoosha mkono kwenye sahani ya ngisi. Bibi Bang, bila kuacha kutafuna, aliivuta taratibu hadi upande wake.

"Utuwie radhi, Mheshimiwa," akasema. "Hawa tumewahesabu."