Ziwa Limepimwa, Ni Zima

Wananchi wote wa Musoma, Bunda na Butiama mnatangaziwa rasmi kwamba ziwa ni zima. Kamati ya Afya ya Ziwa, ambayo mimi ni katibu wake, imelipima na kulikuta na joto la kupendeza. Tulilipima juu. Chini hatukugusa, kwa kuwa hadidu za rejea zinatupa mamlaka ya uso wa maji tu, na mtumishi mwadilifu haingilii yasiyomhusu.

Nafafanua hivi kwa sababu ya Siwema, mfanyabiashara wa mjini anayefuga sato kwenye vizimba karibu na kisiwa cha Rukuba. Alikuja ofisini kuomba kibali cha kuvuna mapema.

"Sato wamegoma kula, Katibu," alisema. "Wanakuja juu kuhema. Kamba ya nanga nikiivuta inatoka ya baridi, inanuka. Maji ya chini hayana hewa, na upepo ukikaza yatapanda. Wakifa hawa, mimi nimekwisha."

"Mama, joto tumepima jana. Ni zuri."

"Mlipima wapi?"

"Juu."

"Na sato wanakaaga wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Machage, alimweleza kwa upole kwamba hata mgonjwa hupimwa homa kwenye paji la uso, hapasuliwi tumbo. Tulipiga makofi. Kibali tukamnyima, maana kuvuna kwa hofu kungekidhalilisha kipimajoto cha serikali.

Upepo ukavuma usiku kucha. Maji ya chini yakapanda, sato wa Siwema wakafa wote. Niliandika taarifa kwamba vifo vilitokea chini ya maji, hivyo Kamati haihusiki.

Siwema hakulia. Alivivuta vizimba kwa boti mpaka ufukweni mbele ya ofisi yetu, siku ambayo mkubwa aliyetuteua alikuja kutupongeza. Harufu ilitangulia hotuba.

"Mkubwa, samaki wameelea," Siwema alisema. "Wako juu ya maji. Juu ni kwa nani?"

Mkubwa alitutazama huku ameziba pua. Akaagiza tuwazoe wenyewe, na vifaranga vipya vya Siwema vinunuliwe kwa posho zetu.

Tukavua makoti, tukaingia. Jua lilikuwa limerudi, linawaka. Mheshimiwa Machage, maji yakiwa yamemfika kifuani na sato mbovu mkononi, aliniuliza kwa sauti ndogo mbona miguu yake inaganda.

Nikamjibu kwamba juu, Mheshimiwa, joto ni zuri.