Vyuma Vitatu Chini ya Kitanda

Leo nimeaibika mpaka kuku wangu wananikwepa. Nawaandikia ninyi, wapenzi wa jazz, kwa sababu ninyi ndio mlionifundisha neno lililoniponza. Makosa ya herufi mnivumilie.

Mzee Sirili mnamjua, mpuliza saksafoni kutoka Burundi aliye kambini. Alipokimbia aliacha nguo, akaacha hata saksafoni yenyewe, akabeba santuri tatu. Juzi aliniletea nimtunzie, maana hema lake linavuja. Akasema leo saa tisa atakuja tusikilize pamoja. Nikapagawa! Moja ni ya Bushubi Jazz, ile albamu ya magitaa matatu ambayo Mwalimu Kizito wa Nyabusozi anaililia tangu tuanzishe kundi hili.

Basi saa saba mchana nikaacha cherehani, nikawarekodia ujumbe wa sauti. Naukumbuka neno kwa neno, maana baadaye nilisikilizishwa mara nne mbele ya mashahidi:

"Jamani, vyuma vimefika! Vitatu, kutoka ng'ambo, vimevuka mto vimefungwa kwenye kitenge. Nimevificha chini ya kitanda, mume wangu hajui. Njooni saa tisa tuvijaribu. Hicho kikubwa kikianza kulia, kijiji kizima cha Keza kitatoka nje!"

Humu ndani chuma ni santuri kali. Huko kwingine chuma ni bunduki. Na mimi nilituma huko kwingine, kwenye kundi la ulinzi la kata.

Nimo kwa sababu mimi ni balozi wa nyumba kumi. Mtendaji yumo, polisi wamo. Na siku hizi, kwa jinsi watu wanavyovuka mpaka, minong'ono ya bunduki imejaa sokoni kuliko ndizi. Wiki iliyopita mimi mwenyewe niliwahimiza watu wangu wataje kila kitu wanachokitilia shaka. (Mdomo huu!)

Sikugundua kitu. Nikaendelea kushona sare za shule, naimba. Nilipoangalia simu nikakuta majirani wawili wamejitoa kwenye kundi, na mtendaji ameandika maneno matatu: "Balozi, usitoke ndani."

Nikajaribu kuufuta ujumbe, kidole kikakosea. (Kikafuta picha ya kipaimara ya mwanangu Devota.) Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa jela. Mzee Sirili alikuwa njiani. Mkimbizi, nje ya kambi, anaingia kwenye nyumba inayosakwa na polisi! Nani angemsikiliza? Nikampigia simu, hapatikani. Nikaanza rozari, nikachanganya matendo ya furaha na ya uchungu.

Saa tisa kasoro wakafika. Polisi watatu, na mtendaji amejibanza nyuma ya mgomba mwembamba kuliko yeye. Mkubwa wao, umri wa mwanangu wa kwanza, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, afande."

"Mikono juu."

Nikainua. Sentimita ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Vyuma viko wapi?"

"Ni santuri, afande! Za muziki!"

"Muziki unafichwa chini ya kitanda?"

Hapo woga ukanifungua mdomo. Nikaungama yote, kwa sauti, majirani wamejaa uani: kwamba mume wangu hataki kelele, kwamba kila Alhamisi nikiaga naenda sala za jumuiya huwa naishia kwa fundi redio kusikiliza jazz. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa palepale na kapu lake la maharage.

"Kumbe ndiyo ile malaria unayotuagia kila Alhamisi!" akasema.

Afande akaniamuru nipige moja. Nikaunganisha gramafoni ya marehemu baba kwenye betri ya pikipiki. Sindano ile butu ikaniponyoka, ikaangukia kwenye mkwaruzo. Spika ikalipuka: ta-ta-ta-ta-ta-ta!

"Lala chini!" afande akafoka.

Polisi wakalala kwenye bustani yangu ya maharage. Mtendaji akaanguka pamoja na mgomba. Na mimi, mwenye gramafoni, niliyejua kabisa ni kitu gani, nikapiga mbizi chini ya cherehani nikipiga kelele, "Msiniue! Nitawataja wenzangu wote!" (Ndiyo, ni ninyi. Mnisamehe.)

Ndipo nikasikia sauti kutoka njiani, yenye lafudhi ya Kirundi, ikimlilia Mungu.

"Mana yanje! Mama Devota, santuri inaria!"

Mzee Sirili. Angeweza kurudi alikotoka, hakuna aliyekuwa amemwona. Badala yake alimruka polisi mmoja aliyelala, akaingia ndani, akainyanyua sindano kwa vidole viwili. Watu wote wakamgeukia. Nilitamani ardhi immeze yeye kwanza, mimi nifuate.

Afande akainuka, akapangusa udongo. "Kibali cha kutoka kambini?"

Mzee akatoa karatasi.

"Hapa wameandika umetoka kwa matibabu. Unaumwa nini?"

"Masikio, afande."

"Yana nini?"

"Miezi minane hayajasikia kitu."

Afande akamtazama, kisha akaitazama ile karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyomo yalivyohitaji. Akavuta kiti changu cha kushonea, akakaa.

"Haya mzee. Jitibu."

Tukasikiliza upande mmoja mzima. Mzee alifumba macho, vidole vyake vinabonyeza saksafoni aliyoiacha Burundi. Nikalia, na sikuona haya. Kisha afande akampakia kwenye pikipiki, akamrudisha kambini kabla kibali hakijaisha, bila pingu na bila neno baya.

Mtendaji ameniondoa kwenye kundi la ulinzi. Mume wangu hajafika nyumbani, nasikia wanajumuiya wamemsimamisha njiani wanampa habari. Kwa hiyo naomba kuanzia leo humu santuri iitwe santuri. Na anayetaka kunicheka, acheke kimoyomoyo: afande aliomba nimwingize kwenye kundi letu, nimemwingiza, na hivi sasa anasoma.