Jenerali Hahami

Kimbunga kilikuwa njiani, amri ya kuhama ilishatoka tangu kunakucha, na kijiwe cha mbele ya duka la chambo la Bi Earline kilikuwa kimejaa kama kuna harusi. Pale Pointe Sarcelle, kusini kabisa mwa Louisiana, watu hawahami na njaa. Umeme ukikatika friza zitanuka, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa imeleta vya kwake, kamba, soseji za kulungu, mkia wa mamba, na vyote vilikuwa vinachemka kwenye sufuria moja kubwa ya gambo, ule mchuzi mzito wa kwao wa bamia na kila kitu, juu ya jiko la gesi. Aliyekuwa anakoroga ni Mjomba Ovide, maarufu kwa jina la Mwiko, mtu ambaye kumuona bila mwiko ni kama kumuona bila suruali.

Aliyechokoza ni Nolan, ambaye benchi zima linamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Sikieni hii," alisema, macho kwenye simu. "Kituo cha mafuta kule barabara kuu. Watu wamo kwenye foleni ya kukimbia kimbunga, wawili wakagombea dumu la mwisho la petroli. Mmoja katoa bastola. Mwenzake hana kitu, kafungua boksi lake la barafu, kachomoa kambale aliyeganda, kampa naye la shavu! Bastola kule, jamaa kule."

"Na kambale?" Mwiko aliuliza.

"Kambale mzima!"

"Hiyo ndiyo silaha, wajameni. Ukimaliza vita unaikaanga."

Benchi lilicheka, isipokuwa Clovis Verdin. Huyu hajawahi kuvaa hata sare ya skauti, lakini kwa amri anazotoa akiwa amekaa, walishampa cheo cha Jenerali. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu, kama mtu anayetaka kuhutubia taifa.

"Ndiyo maana mimi siendi popote. Barabarani wanapigana kwa kambale, huku nyuma wezi wanaingia madirishani. Nimeshapigilia mbao, nimeandika kwa rangi nyekundu: UKIIBA NAFYATUA. Bunduki ipo nyuma ya mlango. Atakayekuja na aje."

"Kitakachokuja ni maji, Clovis," alisema Bi Earline kutoka dirishani. "Maji hayasomi vibao."

"Utayafyatua ya goti au ya kiuno?" Redio alidakia.

"Chekeni tu. Kimbunga cha mara ile nilihama kama mtoto mzuri, sivyo? Nikarudi, nikakuta nyumba imesimama, mashua ipo, kamba ya nanga ipo. Injini hakuna! Injini ambayo nilivua misimu miwili mizima niipate. Maji yaliniachia. Binadamu hawakuniachia."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa na injini yake moyoni. Jenerali mwenyewe alijifanya kahawa imempalia. Usiku alikuwa amelisikiliza paa likilia, akajiuliza kama kweli ana ubavu wa kubaki peke yake. Lakini rangi nyekundu ilishakauka, na mtu hawezi kuomba ushauri kwa watu aliokwisha kuwachimbia mkwara.

Mwiko aligonga mwiko wake ukingoni mwa sufuria. "Ndugu yangu Félicien naye alibaki. Alikuwa anailinda televisheni. Tuliporudi, televisheni tuliikuta."

Akaendelea kukoroga. Wengine wakaangalia viatu vyao.

"Basi," Jenerali alisema, "mimi televisheni yangu ni mbovu."

Ndipo gari la Verna, mkewe, likasimama kando ya barabara. Nyuma limesheheni magodoro, kuku wawili ndani ya tenga na picha ya harusi ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Hakuzima injini. Hakushuka. Alishusha kioo tu.

"Clovis! Daraja wanalifunga saa tisa. Upepo ukizidi halipitiki tena. Nimekuja mara moja, sirudi mara ya pili."

"Mke wangu, nenda salama. Mimi nalinda."

"Unalinda nini?"

"Heshima!"

"Heshima yako imo huku nyuma chini ya magodoro, nimeipakia. Panda."

"Shemeji kamaliza!" Redio alipiga makofi. "Jenerali, hapo hata mimi ningepanda."

"Wewe ungepanda tangu juzi," Jenerali alijibu, lakini sauti haikuwa na nguvu. Alimwona Verna amekaza mikono kwenye usukani, haangalii pembeni. Anamjua. Verna akipiga kelele, kuna nafuu. Akinyamaza hivi, anaogopa.

"Ngoja kwanza," alisema Redio, ambaye hajui kuacha jambo lipoe. "Hiyo bunduki ina risasi?"

"Unaniona mtoto? Zipo."

"Wapi? Maana mimi kule ukumbi wa kanisa tulifundishwa kujilinda, mwalimu akasema mwizi kwanza anatafuta risasi zako akupige nazo mwenyewe. Kitandani anajua. Kabatini anajua."

"Ndiyo tofauti yangu na nyie," Jenerali alijikuna kidevu kwa raha, akashusha sauti. "Nimezitia kwenye ndoo ya aiskrimu, mfuniko nikaandika 'bamia', nikaisukuma chini kabisa ya friza. Mwizi gani atakwenda kuiba bamia?"

Mwiko uliacha kukoroga.

"Bamia?" alisema Mjomba Ovide.

"Bamia."

"Ndoo nyeupe?"

"Nyeupe. Kwani nini?"

"Verna ameleta friza yenu yote asubuhi ulipokuwa unapigilia mbao." Mzee aliuinua mwiko kutoka kwenye sufuria, akaushika mbali na mwili. "Ile ndoo nimeimimina humu sasa hivi tu, kipande kizima cha barafu. Sikuangalia ndani."

Kutoka chini ya sufuria kitu kikagonga: kong.

Tangu asubuhi askari alikuwa amepita na kipaza sauti, kasisi amepita na baraka, redio na simu zimelia hadi zimechoka, na hakuna aliyetikisika. Sasa benchi lilihama lote kwa pamoja. Bi Earline alitoka kupitia dirishani. Redio aliacha viatu. Mjomba Ovide, mwenye magoti mabovu miaka yote, aliruka mtaro na mwiko mkononi. Magari yakawaka moja baada ya jingine, vumbi likatanda.

Jenerali alipopata fahamu, alikuwa ndani ya gari la Verna, kiti cha mbele, mkanda ameshafunga.

"Kanyaga! Kanyaga!" alipiga kelele. Kisha akageuka. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Verna alikuwa anatembea kuelekea kwenye sufuria. Anatembea kama anayekwenda kuanua nguo.

"Verna! Utakufa! Rudi, mama! Verna, nakuomba!"

Aliinama, akazima gesi. Akasogeza uso, akanusa. Akachukua bakuli la mtu, akajichotea, akaonja, akaongeza chumvi kidogo. Halafu akajaza ile ndoo nyeupe, akaifunika vizuri, akarudi nayo na kumpakatisha mumewe, ambaye machozi yalikuwa yamemjaa.

"Shika, isimwagike," alisema.

Walivuka daraja wakiwa karibu wa mwisho. Nyuma yao kizuizi kilishuka, na askari akawapungia mkono. Jenerali alikuwa amemshika mkewe bega, hajawahi kumpenda vile tangu amuoe.

"Ungelipuka, Verna. Risasi zote zile!"

"Risasi nilimpa kaka yangu tangu Pasaka. Ndoo nikaijaza bamia kweli; iliyogonga ni barafu."

Jenerali alifunua ndoo, akachungulia. Mvua ya kwanza ilianza kugonga kioo.

"Ulikuwepo pale. Ulisikia kila kitu. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakimbia vizuri sana, Clovis," alisema Verna, akabadilisha gia. "Sikutaka kukukatiza."